LINDO LA PALMA NA ELIMU YA UCHUMI

Askari anayeshika zamu ya usiku katika rasi ya Afungi, kusini ya mji wa Palma, hulinda vitu viwili kwa wakati mmoja. Cha kwanza anakiona kwa macho: seng'enge, taa, barabara ya mchanga, na nyuma ya mikoko mashua za wavuvi zinazorudi na maji kujaa. Cha pili hakioni, kwa kuwa hakipo pale. Ni mkataba. Ulijadiliwa mbali na pwani hii, mezani, baina ya wanasheria, watu wa mabenki na wachumi, nao ndio unaoamua kwamba gesi iliyo chini ya bahari ikiuzwa, fedha ya mwanzo itakwenda kwa nani, ya pili kwa nani, na ni mwaka gani hazina ya taifa itakapoanza kupata fungu lililonona.

Makala yetu ya leo yahusu elimu ya uchumi, hasa ile inayofuatwa katika vyuo vikuu vya ng'ambo, na njia iliyopita mpaka ikafika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado. Tunawaandikia askari na polisi kwa sababu iliyo wazi. Hesabu za wenye shahada zinapokwenda kombo, wao ndio huitwa usiku, hupewa risasi na chakula cha siku tatu, wakaambiwa wapande lori.

KUSOMA AU KUPIGANA

Ukoloni wa Kireno haukumwachia Mwafrika wa Msumbiji mlango wa elimu ya juu. Taasisi ya kwanza yenye sura ya chuo kikuu ilifunguliwa Lourenço Marques mwaka 1962, na viti vyake vilijaa watoto wa walowezi. Aliyetaka kusoma ilimbidi atoke. Eduardo Mondlane alitoka: akapita Lisbon, akapata shahada ya kwanza katika chuo cha Oberlin huko Marekani mwaka 1953, na udaktari katika Chuo Kikuu cha Northwestern mwaka 1960. Yeye hakusomea uchumi, alisomea elimu ya jamii. Lakini ndiye aliyeacha uprofesa wa Syracuse akaja Dar es Salaam kuongoza FRELIMO, na ndiye aliyekabiliwa na swali ambalo hata leo halijazeeka: kijana aliyepelekwa ng'ambo kusoma wakati wenzake wanakufa, ana deni gani?

Vita vilianza tarehe 25 Septemba 1964 kwa shambulio la Chai, katika jimbo hili hili. Mwaka uliotangulia, Taasisi ya Msumbiji ilikuwa imeanzishwa Dar es Salaam chini ya Janet Mondlane ili kuwafundisha vijana wakimbizi masomo ya sekondari, na wengine kati yao wakapata nafasi za masomo Marekani, Ulaya ya Mashariki na kwingineko. Hapo ndipo mtafaruku ulipozuka. Wako wanafunzi walioona kwamba kazi yao ni kusoma mpaka mwisho, halafu warudi kushika madaraka. Bunduki ni ya mkulima wa Mueda. Uongozi ukasema hapana, kila mmoja atatumika vitani pale atakapoitwa, msomi na asiye msomi. Mwaka 1967 Mondlane aliandika waraka mkali juu ya wanafunzi wa ng'ambo waliojiona kuwa tabaka la watawala kabla hata nchi haijakombolewa. Machi 1968 vurugu zikatokea katika Taasisi yenyewe, nayo ikafungwa.

Twaomba msomaji asiharakishe kuwahukumu vijana wale. Nchi isiyo na daktari wala mhasibu yaweza kushinda vita ikashindwa amani, na hilo nalo walilisema. Hata hivyo, yule aliyebaki kwenye handaki pale Cabo Delgado alikuwa na haki ya kuuliza: je, mwenzangu huyu akirudi na shahada yake, atanikumbuka?

Yuko mwanafunzi mmoja aliyekwenda kinyume. Yoweri Museveni wa Uganda alikuwa akisoma uchumi na siasa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kwake kilikuwa ng'ambo. Mwaka 1968 aliongoza wanafunzi wenzake kuvuka mto Ruvuma na kuingia katika sehemu zilizokombolewa za kaskazini ya Msumbiji, wakaone kwa macho yao. Tasnifu yake aliyoiandika baadaye ilihusu nadharia ya Frantz Fanon kama alivyoiona ikifanya kazi Msumbiji. Mwaka 1976 vijana wake wa FRONASA walipata mafunzo ya kijeshi Montepuez, ndani ya Cabo Delgado. Si kila mwanafunzi wa uchumi huishia hivyo, na pengine ni heri.

MPANGO ULIOPITWA NA WAKATI NJIANI

Msumbiji ilijitawala tarehe 25 Juni 1975 ikiwa na watu zaidi ya tisa katika kila kumi wasiojua kusoma wala kuandika. Wachumi walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Mmoja wao, Mário Machungo, alikuwa amesoma uchumi Lisbon, ndani ya nyumba ya mkoloni mwenyewe. Akawa waziri tangu serikali ya mpito ya mwaka 1974, na baadaye Waziri Mkuu kutoka 1986 hadi 1994. Wengi zaidi ilibidi wapikwe upesi. Vijana wakapelekwa Moscow, ambako Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1960 kwa ajili ya wanafunzi wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Wakapelekwa Ujerumani ya Mashariki, Bulgaria na Kuba.

Walichosomeshwa huko kilikuwa elimu ya mipango: namna ya kupanga tani za chuma, tani za saruji na idadi ya matrekta kwa miaka mitano, na namna ya kuweka bei bila soko. Nyumbani, serikali ilikuwa imetoa mpango mkubwa wa 1981 hadi 1990 wa kufuta umaskini wa nchi katika muda wa miaka kumi. Basi mwanafunzi aliyeondoka mwaka 1981 aliondoka akijua atarudi kutumikia mpango huo. Lakini mwaka huo huo Msumbiji iliomba kuingia katika jumuiya ya kiuchumi ya nchi za kisoshalisti ikakataliwa. Vita vya Renamo vikaenea, ukame wa 1983 ukaua watu, na mwaka 1984 nchi ikajiunga na Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia. Januari 1987 ukaanza mpango mwingine kabisa, wa kupunguza thamani ya sarafu, kuachia bei na kuuza mashirika ya umma. Kijana yule akashuka uwanja wa ndege wa Maputo na daftari zake za Kirusi, akakuta mtihani umebadilishwa.

Kizazi kilichofuata kilielekea London. Luísa Diogo, aliyepata shahada ya uchumi katika Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane mwaka 1983 huku akifanya kazi Wizara ya Fedha, alipata shahada ya pili, ya uchumi wa fedha, katika Chuo Kikuu cha London mwaka 1992. Akawa Waziri wa Fedha, kisha Waziri Mkuu kuanzia 2004 hadi 2010. Rogério Zandamela alipata udaktari wake Marekani, Johns Hopkins, akafanya kazi miaka mingi katika Shirika la Fedha la Kimataifa kabla ya kuteuliwa gavana wa Benki Kuu mwaka 2016.

Elimu ya London na Washington nayo ilikuwa na makosa yake. Askari waliokulia Mtwara na Lindi wataelewa upesi mfano wa korosho. Katika miaka ya tisini wataalamu wa Benki ya Dunia walishikilia kwamba Msumbiji ipunguze ushuru wa kusafirisha korosho ghafi, ili mkulima apate bei bora. Viwanda vya kubangua vilisema vitakufa. Ushuru ukapunguzwa, viwanda vikafa, maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakarudi majumbani. Wachumi watatu wa Marekani walipokuja kupiga hesabu upya mwaka 2002, walikuta kwamba faida iliyomfikia mkulima ilikuwa dola chache mno kwa mwaka. Kilichokosekana hakikuwa hesabu za vitabuni. Hakuna aliyekwenda kumwuliza mchuuzi wa kijijini anampa mkulima shilingi ngapi na anabakiza ngapi.

Tusiwasahau wale waliokwenda ng'ambo bila kuingia darasani. Kuanzia 1979 vijana wapatao 20,000 walipelekwa kufanya kazi viwandani Ujerumani ya Mashariki. Sehemu ya mishahara yao ilikatwa, wakaambiwa wataipokea nyumbani. Waliporudi baada ya 1990, fungu kubwa lilikuwa limeyeyuka katika madeni baina ya serikali mbili. Miaka mingi baadaye walikuwa bado wakiandamana mjini Maputo. Hao walijifunza somo la deni la taifa kuliko profesa yeyote, na karo yake waliilipa kwa jasho.

MASHUA ZILIZONUNULIWA KWA SIRI

Sasa tufike kwenye jambo linalowagusa wanajeshi na polisi wa pwani moja kwa moja, na tulieleze taratibu, kwa sababu ndani yake mna somo zima la uchumi.

Kati ya mwaka 2013 na 2014 yaliundwa mashirika matatu Msumbiji. La kwanza, Proindicus, lilikusudiwa kulinda bahari: rada pwani, mashua za mwendo wa kasi, ndege za doria. La pili, Ematum, lilikuwa la kuvua jodari. La tatu, MAM, lilikuwa la kutengeneza meli hizo. Mashirika hayo yalikopa kiasi cha dola bilioni mbili kutoka mabenki ya Ulaya na Urusi: Proindicus dola milioni 622, Ematum milioni 850, MAM milioni 535. Bunge halikuulizwa. Mikopo miwili kati ya hiyo ilifichwa hata kwa wakopeshaji wengine wa nchi, mpaka ikagundulika Aprili 2016.

Askari atauliza: shirika limekopa, hilo ni juu ya shirika, serikali yahusikaje? Jibu liko katika neno moja, dhamana. Waziri wa Fedha wa wakati ule, Manuel Chang, alitia sahihi kwamba mashirika yasipolipa, taifa litalipa. Ni sawasawa na sajini anayemdhamini kuruta dukani: kuruta akihama kikosi, mwenye duka humfuata sajini. Tofauti ni kwamba hapa sajini alitumia jina la kikosi kizima, na kikosi hakikuambiwa.

Mashirika hayakulipa. Shirika la Fedha la Kimataifa likasimamisha fedha zake, na nchi wahisani zikafuata. Kati ya mwanzo wa 2015 na mwisho wa 2016 sarafu ya metical ilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake mbele ya dola, na bei zikapanda kwa zaidi ya asilimia 20 katika mwaka mmoja. Wakaguzi wa kampuni ya Kroll walitoa taarifa yao mwaka 2017 wakasema dola milioni 500 hazina maelezo. Meli za jodari zilikaa Maputo zikishika kutu.

Na mwaka huo huo wa 2017, usiku wa kuamkia tarehe 5 Oktoba, vijana wenye silaha walivamia vituo vitatu vya polisi katika mji wa Mocímboa da Praia. Agosti 2020 bandari ya mji huo ilitekwa, ikakaa mikononi mwao kwa mwaka mzima. Tarehe 24 Machi 2021 wakaingia Palma. Nchi iliyokuwa imekopa fedha nyingi kiasi hicho kwa jina la kulinda pwani ilijikuta haina doria ya kutosha katika pwani ile ile, wala haina nafasi ya kukopa tena. Polisi wa Mocímboa da Praia walilipa deni ambalo hawakulisikia likitajwa.

Bwana Chang alikamatwa Johannesburg Desemba 2018, akatiwa hatiani na mahakama ya New York Agosti 2024, na Januari 2025 akahukumiwa kifungo cha miaka minane na nusu. Mjini Maputo mahakama iliwatia hatiani watu kumi na mmoja Desemba 2022. Miongoni mwa waliopanga mambo hayo walikuwamo watu wenye elimu nzuri, waliojua riba ni nini na dhamana ni nini. Basi na tusijidanganye kwamba shahada humfanya mtu mwaminifu. Humpa uwezo tu. Lakini angalieni pia nani waliofichua ukubwa wa hasara. Walikuwa watu wa hesabu vile vile: mwaka 2021 taasisi moja ya uadilifu ya Maputo pamoja na watafiti wa Norway walikadiria kwamba sakata hilo liligharimu nchi angalau dola bilioni 11, na kuwatumbukiza karibu watu milioni mbili katika umaskini.

Mmoja wa wachumi waliokuwa wakionya mapema ni Carlos Nuno Castel-Branco, aliyepata udaktari wake London mwaka 2002 na aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza wa IESE, taasisi ya utafiti iliyoanzishwa Maputo mwaka 2007. Hoja yake kwa ufupi ni kwamba uchumi wa Msumbiji unavuja. Miradi mikubwa huja, takwimu za uzalishaji hupanda, lakini misamaha ya kodi huacha utajiri upite kama maji kwenye tenga. Mwaka 2013 aliandika barua ya wazi ya kumlaumu Rais. Akashitakiwa, na Septemba 2015 mahakama ikamwachia huru. Kutoka taasisi hiyo hiyo ulitolewa mwaka 2019 uchunguzi juu ya Mocímboa da Praia, uliofanywa na watafiti walioongea na watu wa pale pale, ukieleza jinsi kundi lile lilivyoanza ndani ya misikiti na vijiwe, na jinsi fedha zake zilivyohusiana na biashara za magendo. Ofisa yeyote wa upelelezi angefaidika kuusoma.

PWANI ILIYOZOEA KUUZWA

Watu wa kaskazini ya Cabo Delgado, Wamwani, Wamakonde, Wamakua na hao Waswahili wa Palma ambayo wazee waliijua kwa jina la Tungi, hawakuanza jana kuona mikataba ikiandikwa juu yao. Mwaka 1887 Wareno walimpokonya Sultani wa Zanzibar ghuba ya Tungi. Kionga, kusini kidogo ya mlango wa Ruvuma, ilichukuliwa na Wajerumani, ikarudi kwa Wareno mwaka 1916 katikati ya vita. Na jimbo zima lilikodishwa kwa kampuni. Kampuni ya Niassa, yenye hisa za mabepari wa Ulaya, ilitawala tangu miaka ya 1890 hadi 1929. Ilitoza kodi ya kibanda, iliuza nguvukazi, na wengi wakavuka Ruvuma kukimbilia Tanganyika. Baadaye ikaja pamba ya lazima. Kwa hiyo mzee wa Palma akiambiwa kampuni imefika kutoka mbali na italeta neema, anaposhika ndevu zake akanyamaza msimwone mjinga.

Gesi iligunduliwa mwaka 2010 katika bonde la Ruvuma baharini. Ardhi ya Afungi, hekta zipatazo 7,000, ikatengwa kwa mradi. Wanakijiji wa Quitupo wakahamishiwa nyumba mpya za Quitunda, ambazo ni nzuri lakini ziko mbali na ufuo. Mvuvi aliyepewa nyumba ya matofali akanyang'anywa bahari hulala pazuri na njaa.

Wachumi wana jina kwa balaa linaloweza kuja na gesi: ugonjwa wa Uholanzi. Nchi hiyo iligundua gesi nyingi Groningen mwaka 1959, na miaka iliyofuata viwanda vyake vingine vikadhoofika. Utaratibu wake ni rahisi. Dola za gesi zikimiminika, sarafu ya nyumbani hupanda. Korosho, pamba na samaki wa nchi huonekana ghali sokoni. Mkulima huacha jembe akatafute kazi ya ulinzi getini, na gesi yenyewe haiajiri watu wengi. Norway ililiona hilo, ikaunda mwaka 1990 mfuko wa kuweka akiba nje ya nchi. Desemba 2023 Bunge la Msumbiji lilipitisha sheria ya mfuko kama huo: kwa miaka kumi na mitano ya mwanzo, asilimia 40 ya mapato ya gesi iwekwe akiba na 60 iingie bajeti.

Upande wa pili wa Ruvuma jambo hili si geni. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982. Ilipoamuliwa bomba lijengwe kuipeleka Dar es Salaam, wananchi wa Mtwara waliuliza wao watabaki na nini. Mei 2013 mji ukawaka moto na jeshi likapelekwa. Swali lile lilikuwa la kiuchumi tangu mwanzo. Lilimfikia askari likiwa limegeuka mawe na matairi yanayoungua, na wakati huo hakuna jibu la kiuchumi analoweza kulitoa mtu aliyeshika ngao.

NANI ATATOKA PALMA?

Hapa ndipo moyo wa jambo ulipo kwa maoni yetu. Katika majina yote ya wachumi tuliyoyataja hatukutaja hata mmoja aliyezaliwa pwani hii. Jimbo limetoa majenerali. Limetoa hata Rais: Filipe Nyusi, mzaliwa wa Mueda, alisoma shule ya FRELIMO huko Tunduru, akapelekwa Brno, Chekoslovakia, katika chuo cha kijeshi, akatoka mhandisi wa mitambo mwaka 1990. Lakini Mueda ni uwanda wa juu, kitovu cha vita vya ukombozi, na njia ya kutoka pale kwenda vyuo vya ng'ambo ilipitia katika chama. Pwani haikuwa na njia kama hiyo.

Mtoto wa Palma huzungumza Kimwani au Kiswahili nyumbani, husoma herufi za Kiarabu chuoni kwa mwalimu, halafu huingia shule ya serikali akaambiwa kila kitu kwa Kireno. Akivumilia, sekondari ya juu iko mbali. Chuo Kikuu cha Lúrio, kilichoanzishwa mwaka 2006, kina tawi Pemba. Ni la uhandisi na sayansi. Kwa uchumi hutazama Maputo, zaidi ya kilomita 2,000 kusini. Na nafasi za ng'ambo hugawiwa huko huko, kwa Kireno, kwa anayejua mlango upi wa kubisha.

Vijana wa pwani wamekwenda ng'ambo hata hivyo, kwa miguu yao wenyewe. Wamekwenda Tanzania, Sudan, Misri na Saudi Arabia kusoma dini, kwa msaada wa jamaa na wafadhili. Hilo si kosa hata kidogo. Ni desturi ya kale ya Waswahili, na wengi wao walirudi kuwa walimu wapole na waamuzi wa ugomvi wa vijijini. Tunachosema ni kwamba anayetafuta elimu ya dini hukuta mkono umenyooshwa, na anayetafuta elimu ya fedha na mikataba hakuti mtu. Kijana mwenye akili ambaye ameona gari za kampuni zikipita mbele ya kibanda chake kwa miaka, asiweze kusoma hata kibao cha tangazo la kazi, ni mtu rahisi kupotoshwa. Mfano wetu huu hautoshi kueleza vita, maana vita vina mizizi mingi. Lakini polisi aliyewahi kumhoji kijana wa namna hiyo anajua tunachokisema.

Kuna mlango mwingine ulio karibu. Daraja la Umoja juu ya Ruvuma lilifunguliwa mwaka 2010. Kutoka Palma, Dar es Salaam iko karibu zaidi kuliko Maputo, na mtoto akifika huko angalau soko atalielewa, ingawa darasani atakuta Kiingereza. Na askari mwenyewe asidhani kwamba haya ni ya watoto tu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanza kufundisha miaka ya tisini, huwapokea watu walio kazini. Anayesoma baina ya zamu na zamu hukutana na vitabu vile vile vinavyosomwa London.

DOLA BILIONI 4.5

Kwa nini haraka? Kwa sababu meza imeshaandaliwa. Aprili 2021 kampuni ya TotalEnergies ya Ufaransa, yenye asilimia 26.5 ya mradi wa Afungi wakati shirika la taifa la Msumbiji lina 15, ilisimamisha kazi ikasema hali imezidi uwezo wake. Julai 2021 majeshi ya Rwanda yaliingia, na ya nchi za Kusini mwa Afrika yakafuata, yakiwamo ya Tanzania yaliyolinda upande wa Nangade. Haya ya jumuiya yaliondoka Julai 2024. Umoja wa Ulaya ulitoa euro milioni 20 kwa kikosi cha Rwanda mwishoni mwa 2022, na nyingine 20 Novemba 2024. Mwaka 2022 watu waliohamishwa na vita walikuwa karibu milioni moja.

Mwishoni mwa 2025 kampuni ilitangaza kwamba sababu za kusimamisha kazi zimeondoka. Pamoja na tangazo hilo ilileta hesabu: kuchelewa kumeongeza gharama kwa dola bilioni 4.5, na ikaomba muda wa mkataba uongezwe miaka kumi. Msomaji atazame vizuri. Katika mikataba ya aina hii, kampuni hujirudishia kwanza gharama zake kutoka katika gesi inayouzwa, ndipo faida igawanywe. Kila dola inayokubaliwa kuwa gharama ni dola inayotangulia mbele ya hazina. Kwa maneno mengine, bei ya vita, ambayo askari waliilipa mara moja kwa damu na wananchi kwa makazi yao, yaweza kulipwa mara ya pili na shule na zahanati ambazo zitachelewa kujengwa. Je, bilioni 4.5 zote ni halali? Ngapi ni za ulinzi, ngapi za riba, ngapi za makosa ya kampuni yenyewe? Hayo hujibiwa kwa kukagua karatasi moja baada ya moja, na mkaguzi wa upande wa nchi awe anajua kama wa upande wa pili, au zaidi.

Kampuni ilisema inatarajia kuuza gesi ya kwanza ya Afungi mwaka 2029. Mtoto aliyezaliwa Mocímboa da Praia mwezi ule wa Oktoba 2017 atakuwa na miaka kumi na miwili. Atatimiza kumi na minane mwaka 2035, wakati marejesho ya gharama yatakapokuwa yangali mezani, na kama amepata shule, atakuwa na umri wa kuingia mwaka wa kwanza wa uchumi.